Pilau unapika wewe, sifa anapata mwenye shughuli

SWALI: Shikamoo anko. Mimi kijana wa Kariakoo, nafunga mizigo ya watu wanaouza mtandaoni. Nilianza na dada mmoja wa mawigi, alikua na mtoto mchanga hawezi kutoka, nikawa nachukua oda kwake nafunga napeleka kwenye mabasi ya mikoani. Sahivi nina wateja sita, kuna siku tunapaki oda 60, nina vijana wawili na chumba nimepanga kama stoo. Nalipwa kwa kifurushi. Sasa kuna mteja mmoja wa viatu, oda zake peke yake zinazidi nusu ya kazi yote, anataka nimshikie kila kitu, mzigo ukae kwangu, nijibu na WhatsApp yake, nipigie wateja simu, afu anilipe asilimia ya mauzo. Washkaji wananiambia huko ndo kukua. We unaonaje? Na je kuna kampuni ilishawahi kua kubwa kabisa kwa kazi kama hii, maana nyumbani wananiona nabebabeba maboksi tu.
Mfunga Mizigo, Kariakoo

JIBU: Marahaba mwanangu. Hapo kwenye kubebabeba umenichekesha, maana kuna mtu kule Marekani hiyo kubebabeba yake ilinunuliwa dola bilioni 2.4.

Anaitwa Michael Rubin, kampuni ilikua GSI Commerce, makao yake mji unaitwa King of Prussia, Pennsylvania. Huyu bwana alianza utotoni na vifaa vya kuteleza kwenye theluji, chini ya nyumba ya wazazi wake, akaingia madeni kabla hata hajafika miaka 18. Baadae akawa na kampuni ya viatu na vifaa vya michezo. Ilipofika 1999 kila mtu Marekani anaimba intaneti, na wenye maduka ya michezo kama The Athlete's Foot na The Sports Authority wanataka tovuti ila hawajui waanzie wapi, kila mmoja akijenga yake na stoo yake na watu wake wa simu atafilisika kabla hajauza soksi. Rubin akawaambia nipeni mimi, jina libaki lenu, kazi yote yangu. SoftBank, kampuni ya uwekezaji ya Japani, ikaweka dola milioni 80 mwaka huohuo, na ye biashara ya zamani ya jumla akaachana nayo.

Sasa sikiliza ilivyokua inafanya kazi, maana ni kama mpishi wa shughuli. Wageni wanakula pilau mbele, wanamsifia mama mwenye harusi, mpishi yuko nyuma ya nyumba na masufuria yake na wiki ijayo yuko shughuli nyingine kwa masufuria yaleyale. Mteja anabonyeza tovuti ya duka A, anaona nembo ya duka A, akipiga simu anapokelewa kwa jina la duka A, ila mzigo unatoka stoo ya GSI kule Kentucky, na stoo hiyohiyo inahudumia duka B na C. Kwanini Kentucky? Kwa sababu Louisville, mji wa hukohuko, ndo kituo kikuu cha ndege za UPS, kampuni ya kusafirisha vifurushi, oda ikiingia jioni inapanda ndege usiku. Yaani ni kama we ulivyo jirani na mabasi, usihame hapo kirahisi kisa umeona godauni la bei poa mbali huko!

Mwanzoni GSI walikua hadi bidhaa wananunua kwa hela yao afu mwenye jina wanampa asilimia yake. Baadae wakaongeza wateja ambao mzigo ni wa kwao wenyewe, GSI inalipwa kwa huduma, wakatoka kwenye michezo wakaingia nguo, midoli, vipodozi, mpaka mwaka 2010 mapato yakapita dola bilioni 1. Mwaka 2011 eBay, soko kubwa la mtandaoni, ikainunua kwa hizo bilioni 2.4.

Lakini angalia alichofanya Rubin siku ya kuuza, hapa ndo pa kukaa napo. Kazi ya kuwahudumia watu wengine aliiacha kwa eBay. Akarudi nyumbani na Fanatics, ile ya jezi na kofia za timu, yaani sehemu ambayo bidhaa na leseni ni za kwao wenyewe, pamoja na hisa kubwa za Rue La La na ShopRunner, biashara nyingine mbili za mtandaoni. Kile alichokiacha Rubin, eBay wakakibatiza eBay Enterprise, mwaka 2015 wakakiuza kwa dola milioni 925 (sio hasara yote hiyo, kuna vipande alishaondoka navyo Rubin), kipande cha stoo na kupaki kikaitwa Radial na mwaka 2017 kikanunuliwa na posta ya Ubelgiji, bpost, kwa dola milioni 820. Mwaka huohuo 2017 Dick's Sporting Goods, duka la michezo lililokua mteja wa siku nyingi wa kazi hiyo, akahamia kwenye mfumo wake mwenyewe wa mtandaoni. Ndo ugonjwa wa kazi hii mwanangu, mteja akikua kwa jasho lako anaanza kupiga hesabu, mbona hii hela ningeajiri wangu.

Kwahiyo huyo wa viatu mimi simkatai, ila usimkubalie kama alivyosema. Asilimia tamu akiuza bei juu. Chukulia amekupa asilimia 8, kiatu cha 45,000 unapata 3,600. Mwezi mbaya anashusha bei hadi 25,000 mzigo utoke, we unapata 2,000, na boksi ni lilelile, selotepu ileile, bodaboda hajakupunguzia hata mia. Mwambie kuna kiwango cha chini kwa kila kifurushi, asilimia inakuja juu ya hapo. Mzigo ukirudi kisa saizi imebana, nauli ya kurudi ni yake, na hili liandikwe kabisa maana viatu vinarudi sana kuliko mawigi. Hela ya wateja iingie kwenye lipa namba yake sio yako. Siku mzigo unaingia stoo hesabuni wote mbele ya macho, mtie saini daftari moja. Na wale watano wengine usiwapokee simu kwa uvivu, siku huyu mkubwa akiondoka, na ipo siku ataondoka, hao ndo watalipa kodi ya chumba.

SWALI: Nauza nguo za watoto mtandaoni niko Tanga. Naogopa kumpa mtu stoo na namba za wateja wangu, si ataniibia? Nani aliwahi kukubali kitu kama hiki?
Mama Wawili, Tanga

JIBU: Wakubwa kuliko wewe walikubali, na mmoja aliumia. Toys R Us, duka la midoli, Krismasi ya 1999 oda za mtandaoni ziliwazidi, watoto wengine sikukuu ikafika mdoli bado uko njiani. Mwaka 2000 wakawapa Amazon, duka kubwa la mtandaoni, hiyo kazi kwa mkataba wa miaka kumi, wakitegemea wao ndo watauza midoli pale. Amazon ikaruhusu wengine nao wauze. Wakaenda mahakamani 2004, mwaka 2006 jaji wa New Jersey akawaruhusu kuvunja mkataba, na unajua walikimbilia wapi? Kwa GSI ya huyohuyo Rubin, ambae hakua na duka la midoli la kushindana nao.

Basi dada usiulize tu kama huyo unayetaka kumpa stoo ni mwaminifu. Uliza anauza nini pembeni. Kama nae ana ukurasa wa nguo za watoto, tafuta mwingine.

SWALI: Anko, mteja wa Dodoma anasema boksi limefika na kiatu kimoja, mi nakumbuka nilipaki viwili. Nifanyaje?
Msomaji, Ilala

JIBU: Safari hii mtumie, huna ushahidi. Mimi nilishalipa blenda nzima kwa maneno kama hayo, na ilikua ya kwanza na ya mwisho. Kuanzia kesho piga picha boksi likiwa wazi, lifunge, lipime, uzito uandike juu kwa maka pen na picha nyingine upige hapo. Stoo kubwa zina mashine inapima kila boksi na kukataa lililopungua. Kwako mzani wa kupimia sukari unatosha.