Sista Aliniambia Niingie Mtumbwini

Mwaka aliofariki mama, sala zangu zilikauka. Rozari naimaliza, moyo haupo. Nikaenda mafungo, yaani siku za kimya na sala, na sista aliyeniongoza akanipa kazi moja tu: nisome Marko 4, ile dhoruba ya Galilaya, kisha nifumbe macho niingie mtumbwini.

Nilisita. Nimelelewa nikijua kwamba picha za kichwani wakati wa sala ni usumbufu, unazifukuza. Ndipo akanisimulia habari za Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti. Mwaka 1521 alivunjwa mguu na risasi ya mzinga vitani Pamplona. Akauguzwa miezi kadhaa, akaomba hadithi za mashujaa, zikakosekana, akapewa maisha ya Yesu na ya watakatifu. Kitandani akawa anawaza: mara anamtumikia bibi wa ukoo mkubwa, mara anaishi kama Fransisko wa Asizi. Yote yalikuwa matamu. Ila ya kwanza yakipita yalimwacha mkavu, ya pili yakipita furaha ilibaki. Hapo ndipo alipoanza kujifunza kupambanua roho, yaani kutambua mvuto upi wa moyo umetoka kwa Mungu na upi haukutoka kwake.

Basi nikajaribu. Nimekulia kando ya Ziwa Viktoria, baba akivua dagaa kwa karabai, kwa hiyo harufu ilikuja yenyewe. Tena nilikuwa najua kwamba mtumbwi wa zama hizo uliofukuliwa matopeni Galilaya mwaka 1986 una urefu wa mita 8 hivi. Chombo kidogo! Yesu aliyelala shetrini, nyuma ya chombo, hayuko mbali nawe. Nikajiona nachota maji kwa kidumu kilichokatwa, nachota, nachota, Yesu nimempa mgongo. Ndivyo nilivyoishi tangu mazishi: matanga, madeni, ada za wadogo zangu. Nikageuka. Nililia kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Ukitaka kujaribu, soma kifungu mara mbili polepole, uanze na vya mwili: upepo, kamba, nguo zilizolowa. Yesu usimlazimishe aseme. Na si kila picha imetoka kwa Mungu. Niliwahi kujiona nimeacha kazi nahubiri kijiji kwa kijiji. Tamu kweli, lakini kila ilipopita ilinibakizia wasiwasi na hasira kwa watu wa nyumbani. Sista akasema nisubiri, nikasubiri.

Kwa hiyo naweka daftari, na siandiki mara tu nimalizapo sala. Naacha saa moja ipite, ndipo najiuliza moyo umebakije. Jana niliandika: "Umetulia. Nimempigia simu mdogo wangu."