Mbuzi ya nazi iko juu ya kabati

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenikuta jikoni: ni jambo gani la chakula lililokuwa likikusuta nafsi ukaamua kulitua, na siku za kazi sasa unapika nini? La kwangu naweza kulionyesha kwa kidole. Ni mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda cha mbao chenye ulimi wa chuma wenye meno. Mama alinipa siku nilipoondoka Kisauni, Mombasa, kuja Nairobi kuanza kazi. Nilisafiri nayo kwenye basi la usiku, nimeifunga kwa leso, na njia nzima nilikuwa nahofia meno yake yatamchoma abiria wa pembeni.

Kwa miaka tisa mbuzi ile ilikaa sakafuni karibu na jiko, na kila nilipoiruka nilihisi inanitazama. Nilikuwa nimejiwekea sheria: chakula cha jioni ni cha nazi iliyokunwa nyumbani, au si chakula. Mkate nilihesabu ni kuwanyima watoto. Chapati ya kibandani nilihesabu ni uvivu.

Natoka kazini saa kumi na moja jioni, kwenye ghala moja la Eneo la Viwanda, na nyumbani ni Umoja. Si mbali. Lakini Barabara ya Jogoo saa hizo ni msururu wa magari, na mvua ikinyesha matatu husimama mpaka watu wanashuka wakatembee. Siku njema nafika saa kumi na mbili na nusu. Siku mbaya ni saa mbili usiku.

Siku iliyonifikisha mwisho ilikuwa Jumatano ya masika. Niliingia saa mbili kasorobo. Maharagwe nilikuwa nimeyaloweka asubuhi, nikayabandika. Nikavunja nazi, nikakaa kwenye mbuzi, nikakuna. Nikakamua tui zito, nikaliweka kando, nikatia maji tena nikakamua jepesi. Kwa haraka niliyokuwa nayo nilijikata kidole mara mbili. Ilipokaribia saa nne maharagwe yakawa yameiva na wali umekauka vizuri. Nikageuka. Mdogo, wa miaka sita, alikuwa amelala kwenye kochi na sare ya shule, soksi mguu mmoja. Mkubwa alikuwa ameegemeza kichwa kwenye daftari. Nikawaamsha. Mdogo alitafuna macho yamefumba, akashikwa na usingizi tonge likiwa mdomoni, ikabidi nilitoe kwa kidole asije akapaliwa. Mkubwa akaniambia kwa upole, "Mama, si ungetupa tu mkate na mayai, tukala na wewe?"

Hilo "na wewe" lilinikata maini.

Kabla sijaosha vyombo simu ikalia. Mama hupiga kila usiku na salamu yake haibadiliki: "Mumekula nini leo huko bara?" Siku nyingi nilikuwa namjibu kwa chakula ambacho hatukukila. Tuliposhindia chai na mkate nilimwambia wali na samaki wa kupaka. Siku hiyo sikuweza kudanganya. Nikamweleza yote, kuanzia mvua mpaka tonge la mtoto, na nikalia. Akaninyamazia kidogo, kisha akasema, "Sasa wewe, nani alikwambia mimi nilikuwa napika peke yangu? Nazi akikuna shangazi yako. Mchele akichambua bibi yako. Samaki ukitumwa wewe. Na mahamri na mbaazi za asubuhi, nani alipika? Si tukinunua kwa jirani?"

Nilikaa kitako sakafuni. Ni kweli tupu. Sufuria ile niliyokuwa naikumbuka kama ya mama ilikuwa na mikono minne ndani yake, na kazi ilianza kabla ya adhuhuri. Mimi nilikuwa nalinganisha saa yangu moja, peke yangu, tena usiku, na siku nzima ya uani kwetu. Na vya kununua vilikuwepo tangu zamani. Watu wa Mombasa wananunua mahamri kwa jirani asubuhi na viazi vya karai jioni, na sikumbuki mtu yeyote akiona haya.

Kuna mwenzangu kazini ashikiliaye kwamba mtoto asipokula chakula cha asili usiku amedhulumiwa. Namheshimu, lakini hapo hatukubaliani. Mahindi ya ugali wetu, maharagwe yenyewe, nyanya, pilipili na muhogo, vyote asili yake ni bara la Amerika, vikafika kwetu baada ya Wareno kutia nanga pwani mwaka 1498. Mabibi wa zama hizo walipokea maharagwe ya ugenini wakayatia tui, na leo tunayaita ya kwetu. Kama wao waliweza, sioni kwa nini tui la pakiti liwe ndilo kosa la kuninyima usingizi.

Sasa nijibu nusu ya pili ya swali. Maharagwe nayaloweka Jumamosi usiku, na Jumapili asubuhi namwaga yale maji na kuyachemsha kilo moja na nusu kwa mpigo katika sufuria ya presha. Yakipoa nayagawa kwenye vibakuli, kimoja kinatosha jioni moja, nayaweka kwenye friza. Maharagwe mekundu hasa yasiachwe nusu mbichi; yana sumu ambayo huondoka tu kwa kuchemka sawasawa, kwa hivyo moto wa polepole tangu mwanzo mpaka mwisho hautoshi. Asiye na presha asihangaike: kwenye mitaa yetu kuna kina mama wanaouza maharagwe na githeri, yaani mahindi na maharagwe pamoja, vilivyochemshwa tayari, na nimenunua kwao mara nyingi bila kujificha.

Jioni nakaanga kitunguu, natia nyanya mbili, hoho, bizari kidogo, kisha maharagwe na tui la pakiti nililolipunguza kwa maji. Likianza kufuka nakoroga bila kuacha, maana tui ukilipa kisogo linakatika. Tui zito natia mwisho, kijiko kikubwa au viwili, moto ukiwa chini. Tangu kubandika mpaka kupakua ni dakika ishirini, na wali unaiva kwenye jiko la pili. Mezani kila mtu anakamulia ndimu yake. Si kwa ladha peke yake. Vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe. Chai huyazuia, ndiyo maana tumeisogeza tunainywa baadaye.

Siku nyingine ni ndengu, ambazo hazidai kulowekwa. Naziteleka nikiingia, na watoto wakimaliza kuoga zimeshalainika. Omena, wale dagaa wa ziwani, nilifundishwa na jirani yangu wa Homa Bay: unazitoa vichwa ukitaka, unaziosha kwa maji moto mara mbili tatu mchanga uishe, unazikaanga zikauke, ndipo nyanya na kitunguu vifuate. Mimi mtu wa samaki wa bahari sikudhani nitazipenda. Sasa watoto wanaziuliza.

Sukuma nakatiwa na mama mboga aliye chini ya ploti yetu. Hili nalo lilikuwa likinisuta, kana kwamba kisu cha mwanamke mwingine kinaharibu mboga. Nilichomwomba ni kimoja tu: aoshe majani kabla ya kukata, kwa kuwa yakioshwa yameshakatwa nyuzi nyuzi, vitamini nyingine huondoka na maji. Nampelekea bakuli langu lenye kifuniko asubuhi nikienda stejini, jioni nalikuta limejaa. Dakika kumi na tano nilizokuwa nikikatakata, sasa nakaa na mdogo tunasoma.

Na kiporo, jamani. Kwetu wali wa jana na chai ya asubuhi ni kifungua kinywa cha heshima, lakini nilipofika Nairobi nikaanza kukionea aibu mbele ya wageni. Nimerudi kwenye akili zangu. Sharti langu moja ni kwamba wali hauachwi mekoni mpaka asubuhi. Kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemshwa, na wali ukikaa kwenye joto la kawaida huzaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Ukipoa unaingia frijini usiku uleule, na kesho unapashwa moto mpaka utoe mvuke.

Kuna jambo lingine ambalo lazima nilitaje, hata kama hamkuuliza. Miaka yote hiyo mama mkwe hakuwahi kumpigia mwanawe simu kumuuliza watoto wamekula nini. Swali lilikuwa langu mimi tu, na lawama yangu mimi tu. Nilimweleza mume wangu hivyo bila ugomvi, tukiwa tumekaa wawili. Akanyamaza, halafu akaniuliza ugali wa watu wanne huchukua maji kiasi gani. Alhamisi ni siku yake. Anasonga ugali, anakaanga mayai na nyanya, na wiki za mwanzo ugali wake ulikuwa na madonge, tukala. Wanawake wanaosoma hapa, wenye waume wazima wanaokaa sebuleni wakingoja sahani, naomba walianzishe jambo hili nyumbani mapema kuliko nilivyolianzisha mimi.

Mbuzi sikuitupa wala sitaitupa. Nimeipandisha juu ya kabati. Inateremka Jumamosi nisipokuwa na kazi, na Ramadhani kwa muhogo wa futari. Binti yangu mkubwa ameshajua kuikalia, na kukuna nyama nyeupe akaacha kabla ya kufikia kifuu.

Jana usiku mama alipiga kama kawaida. "Mumekula nini leo huko bara?"

"Mkate na mayai, Mama."

"Mayai mumeyatia bizari?"

"Hatukutia."

"Haya, kesho mutie. Nipe wajukuu wangu."