Shangazi, kofia yangu imelala mwaka mzima

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mimi nina miaka 24, naishi Kisauni katika nyumba ya kupanga, vyumba sita ukumbi mmoja. Nina mtoto wa kike wa mwaka mmoja na miezi mitano. Mume wangu anaendesha tuktuk, hutoka alfajiri akarudi saa mbili usiku. Kabla sijaolewa nilikuwa nikishona kofia za vito, zile za kutarizi kwa mkono zenye matundu madogo madogo. Bibi yangu ndiye aliyenifundisha, na nilishona kwa kupenda tu, sikuwa nikiuza. Kofia niliyoianza nikiwa na mimba, nia yangu nimpe mume wangu siku ya Idi, iko ndani ya foronya juu ya kabati, mwaka sasa. Nikiishika, mtoto anataka sindano. Nikimpa simu atazame katuni hutulia na mimi napata nusu saa, lakini moyo hunisuta. Mavyaa wangu huniambia mama hana saa yake, ningoje mtoto aingie madrasa. Jumapili mume wangu huenda kutazama mpira, mimi hubaki na nguo za kufua. Je, ni makosa kuitaka kofia yangu? Niiweke mpaka lini?
Mama wa Kifungua Mimba, Kisauni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma, kisha nikainuka nikafungua kasha langu, nikaitoa kofia ya kwanza niliyoimaliza nikiwa mzazi. Ukanda wake, ule wa kuzunguka kichwa, una doa la mabuyu, jekundu, la ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Nimelifua kwa ndimu na chumvi, nikalianika juani, halikutoka. Na ukitazama kwa karibu utaona mahali nilipokuwa nikiachia njiani: matundu manne yamekazwa sawasawa, la tano limelegea, kisha yanaanza tena kwa uzi mweupe zaidi kidogo. La tano ndilo aliloamkia mtoto. Kofia hiyo ilinichukua karibu miaka miwili, na hakuna niliyoishona ninayoipenda kama hiyo.

Kwa hivyo si makosa. Mavyaa wako mheshimu, usibishane naye, lakini kwa hili sikubaliani naye. Mtoto akiingia madrasa huenda mgongoni yuko mwingine. Na vidole husahau. Nimewaona wanawake waliokuwa mafundi hasa, wameiweka sindano miaka saba, walipoirudia hawakuweza hata kuukata ukanda. Ulichopewa na bibi yako kimo mikononi mwako, na mikono hutaka kutumiwa.

Sasa tuanze na sindano, maana hapo ndipo ninapoogopa. Uwe na sindano tatu tu, zisizidi. Zichome kwenye kipande cha kitambaa chekundu, uziweke ndani ya kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko kigumu, na kopo likae juu. Kila unapokunja kazi, hesabu: moja, mbili, tatu. Sindano isichomwe kwenye mkeka, wala kwenye godoro, wala kwenye leso uliyojifunga, hata kama ni kwa kuinuka mara moja kumfungulia mtu mlango. Mimi nilikuwa na sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu; sindano ikianguka naipitisha sakafuni, na hakuna kinachoendelea nyumbani mpaka ipatikane. Na ikiwa mtoto amemeza, Mungu apishe mbali, usimtapishe wala usimlishe ndizi kama wasemavyo watu. Mchukue hospitali saa hiyo hiyo.

La simu, moyo wako umekuambia kweli. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto wadogo: mtoto wa mwaka mmoja haishauriwi akae mbele ya skrini, na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku. Mwongozo huo huo unasema mtoto wa umri wa wako anahitaji usingizi wa saa 11 hadi 14 kwa siku, na wa mchana umo ndani yake. Basi saa yako iko hapo, ndani ya usingizi wa mchana.

Najua utaniambia mtoto akilala ndipo unapofua. Wengi wetu tulifanya hivyo, na ni mpango mbaya. Fua akiwa macho. Mtoto wa umri huo hupenda maji kuliko katuni: mpe kata na maji kidogo kwenye karai, na kitambaa chake cha kufua, mkae pamoja uani. Ila usimwache na karai hilo hata kwa kuitikia simu. Maji ya kimo cha kiganja yanatosha kumzamisha mtoto mdogo. Ukiinuka, mwinue na yeye. Atalowa, utambadilisha nguo, na atachoka vizuri. Akilala, teremsha foronya.

Tena usiteremshe kofia nzima. Duara la juu liache lilale, chukua ukanda peke yake. Huingia ndani ya mkoba mdogo, na hata ukikatizwa ghafla hupotezi hesabu. Matundu matano kwa siku yanatosha. Siku nyingine utapata mawili, siku nyingine mtoto ana homa na hutapata hata moja.

Kuhusu mume wako, hukuniambia ni mtu mbaya, nami sioni hivyo. Mtu anayekaa kwenye usukani tangu alfajiri amechoka. Lakini usimwambie «nisaidie», maana neno hilo halina saa, naye ataitikia na kusahau. Mwambie: Jumapili, kuanzia saa mbili mpaka saa nne asubuhi, mtoto ni wako. Mpira wa Uingereza huku kwetu huanza baada ya adhuhuri, kwa hivyo hujamnyang'anya kitu.

Na tuktuk mnayo! Kutoka Kisauni mpaka ufuo wa Jomo Kenyatta, huo tunaouita Pirates, si mbali. Jioni ya Jumapili hapana pa kuweka mguu, lakini asubuhi ni pa wenyewe. Tazama mwezi kabla ya kutoka. Bamvua, maji yanapojaa sana na kutoka sana, huja siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, na hapa Mombasa maji hayo hutoka kabisa mnamo saa nne asubuhi, jua limeshakuwa kali kwa mtoto. Siku mbili tatu kabla yake maji hutoka mapema, mnamo saa mbili hivi, kwa kuwa kila siku huchelewa kama dakika 50. Chagua Jumapili iliyoangukia hapo. Bahari ikirudi nyuma huacha vidimbwi mchangani, maji ya vuguvugu ya kufika kwenye kifundo cha mguu, na visamaki vya ukubwa wa punje ya mchele. Baba akae naye hapo, amshike mkono. Wewe tandika leso yako kivulini na ukanda wako. Miezi ya kusi, Juni mpaka Agosti, upepo ni mkali na mwani hujaa ufuoni, basi ngojeni kaskazi.

Miezi ya kusi mimi nilikuwa nikiwapeleka wangu Mama Ngina, chini ya mibuyu. Tulinunua mihogo ya kukaanga, ya pilipili na ndimu kwangu, mitupu kwao, tukatazama meli zikiingia Kilindini. Hupita karibu hata watu walio juu ya sitaha waonekana. Kifungua mimba wangu alisema «meli» kabla hajasema jina lake. Doa la mabuyu nalo lilipatikana hapo.

Idi usimtajie mume wako ni ipi. Itakuwa itakapokuwa. Ukifika mahali pa kuunga duara na ukanda, niandikie tena kabla hujatia uzi, na unipimie kichwa chake kwa kamba. Faroma ninayo, lile gogo la kuvikia kofia ipate umbo; nitakueleza namna ya kuitia kofia wanga na kuivika.