Mjane, mabinti wawili na ami yao: kesi iliyokwisha hukumiwa Madina

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Mume wangu amefariki, ameniacha na mabinti wawili, wote wadogo. Wazazi wake walishatangulia na hakuacha mtoto wa kiume. Ana kaka mmoja tu, wa baba mmoja mama mmoja. Shemeji anasema Qur'ani imetaja thuluthi mbili kwa mabinti "zaidi ya wawili", kwa hiyo wawili hawalipati fungu hilo. Tena anataka mali yote ikae mikononi mwake mpaka wasichana waolewe. Je, ndivyo sheria ilivyo?
Mama wa watoto wawili, Tanga

JIBU: Waalaykumus salaam, dada yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu mumeo, akupe subira na akulelee wanao.

Sivyo ilivyo. Warithi ulionitajia ndio hao hao waliofikishwa mbele ya Mtume (s.a.w.) baada ya vita vya Uhud, na yeye mwenyewe akatoa hukumu. Marehemu alikuwa Saad bin Rabii (r.a.), Ansari (mwenyeji wa Madina aliyempokea Mtume) wa kabila la Khazraj, mmoja wa wale wawakilishi kumi na wawili waliochaguliwa katika kiapo cha Aqaba, ambapo watu wa Madina walimwahidi Mtume utii.

Huyu Saad ndiye aliyeunganishwa udugu na Abdurrahman bin Auf, Muhajirina, yaani Waislamu waliohama Makka, walipoingia Madina mikono mitupu. Alimwambia: mimi ni katika Ansari wenye mali nyingi, basi tugawane nusu kwa nusu. Abdurrahman akamwombea baraka katika watu wake na mali yake, kisha akaomba aonyeshwe soko. Wengi tunaisimulia habari hii kwa ajili ya Abdurrahman na biashara yake. Mimi humfikiria zaidi Saad, maana aliyatamka maneno yale kwa mtu ambaye hawakuwa na nasaba moja wala mji mmoja.

Aliuawa Uhud, mwaka wa 3 Hijria (625). Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu akamtafute, akamkuta amelala kati ya waliouawa, mwili umejaa majeraha, pumzi zinaishia. Akatuma salamu kwa Mtume, na kwa watu wake Ansari akatuma onyo: hamtakuwa na udhuru wowote mbele ya Mwenyezi Mungu ikiwa Mtume atafikiwa na adui hali yuko mmoja wenu mwenye jicho linalopepesa, yaani aliye hai bado.

Sasa sikiliza yaliyotokea nyumbani kwake. Jabir bin Abdillah (r.a.) anasimulia kwamba mjane wa Saad alikwenda kwa Mtume na mabinti zake wawili, akasema: hawa ni mabinti wa Saad, baba yao ameuawa Uhud akiwa pamoja nawe, na ami yao ameichukua mali yote hakuwaachia kitu, nao hawataolewa bila mali. Ami huyo alifuata desturi ya Waarabu ya kabla ya Uislamu, ambayo iliwapa urithi wanaume wawezao kupigana, ikawaacha nje wanawake na watoto. Mtume akamjibu mama yule kwamba Mwenyezi Mungu atalitolea hukumu jambo hilo. Ikateremka aya ya mirathi. Mtume akamwita ami, akamwamuru: wape mabinti wawili wa Saad thuluthi mbili, mpe mama yao thumni (sehemu moja ya nane), na kinachobaki ni chako. Hadithi hii imo katika Abu Daud, Tirmidhi na Ibn Majah. Ukiikuta riwaya inayosema ni mabinti wa Thabit bin Qays, fahamu kwamba Abu Daud mwenyewe ameeleza kuwa mpokezi alikosea, kwa sababu Thabit aliuawa katika vita vya Yamama, zama za ukhalifa wa Abu Bakr.

Shemeji yako hakubuni lile neno "zaidi ya wawili". Limo katika Surat Nisaa, aya ya 11. Na imenukuliwa kutoka kwa Ibn Abbas kwamba mabinti wawili wana nusu. Lakini maulamaa wa madhehebu yote manne wanawapa thuluthi mbili. Dalili yao ya kwanza ndiyo hukumu hii ya Saad. Ya pili iko mwisho wa sura hiyo hiyo, aya ya 176: marehemu asiye na mtoto akiacha dada wawili, wanapata thuluthi mbili. Binti yuko karibu zaidi na marehemu kuliko dada, basi vipi apunguziwe?

Hesabu yenu inatoka katika 24, yaani mali igawanywe mafungu 24. Mabinti 16, yaani 8 kila mmoja. Wewe 3. Kaka wa marehemu 5, kwa kuwa yeye ni asaba, yaani jamaa wa kiume wa upande wa baba ambaye huchukua kinachobaki. Kikibaki cha kugawa shilingi milioni 48, mabinti wana milioni 32, wewe 6, yeye 10. Nasema kikibaki, kwa sababu kwanza hutolewa gharama za mazishi, madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi. Kama mahari yako hayakulipwa yote, hilo ni deni, lidai. Na mali uliyochuma au kununua wewe si urithi wa mtu. Itenge kabla ya kugawa.

Kama una mimba, nieleze haraka. Akizaliwa mvulana, kaka wa marehemu hapati kitu. Akizaliwa msichana, zile thuluthi mbili zinabaki vile vile, ila zinagawanywa kwa watatu. Saad naye aliacha mimba. Imepokewa kwamba binti aliyezaliwa baadaye, Ummu Saad, aliolewa na Zaid bin Thabit, bingwa wa mirathi miongoni mwa Masahaba. Umar (r.a.) alipohukumu kuwa mimba inarithi, Zaid alimweleza mkewe kwamba akitaka anaweza kudai fungu lake. Akajibu kuwa hatawadai ndugu zake chochote. Alisamehe akiwa mtu mzima, kwa hiari yake. Wanao hawajafika umri huo, wala wewe huna ruhusa ya kusamehe kwa niaba yao.

Kuhusu mali kukaa kwa ami, anaweza kuwa mwangalizi wa fungu la watoto akiwa mwaminifu na mkikubaliana, lakini liandikwe ni lipi na lina thamani gani, nalo litumike kwa chakula, masomo na matibabu yao. Aya ya 10, moja tu kabla ya ile anayoitaja, inasema wanaokula mali ya yatima kwa dhuluma wanakula moto matumboni mwao. Msomee zote mbili mbele ya wazee wa familia. Eda yako haizuii mgawanyo. Akikataa, peleka cheti cha kifo na orodha ya mali Mahakama ya Mwanzo ateuliwe msimamizi wa mirathi, na ueleze tangu mwanzo kwamba marehemu alikuwa Mwislamu na mnataka mgawanyo wa Kiislamu.