Draya za nyumbani za zamani zilifanyaje kazi, na hii ya shangazi niichomeke?

SWALI: Habari za kazi fundi. Shangazi yangu amerudi Mombasa kutoka Marekani na kwenye mizigo yake kuna draya ya zamani, ni kisanduku cha kubeba mkononi, ndani kuna mota na bomba linalokunjika, na mwisho wa bomba kuna kofia ya plastiki ya kuvaa kichwani. Nyuma imeandikwa 120 V, 60 Hz, 400 W. Nywele zangu zimefika kiunoni na kuzikausha ni kazi ya nusu siku. Hizi ndio draya za kwanza za nyumbani? Na nimesikia ati kabla yake wanawake walikuwa wanakausha nywele kwa mashine ya kufyonza vumbi, ni kweli ama ni hadithi za mtandaoni? Halafu nikiichomeka hapa itakuwaje?

JIBU: Dada yangu, nianze na la mwisho maana hilo ndilo lenye hatari, usiichomeke hivyo hivyo kwenye soketi. Umeme wetu ni volti 240 na hiyo imetengenezewa 120, na volti zikiwa mara mbili joto la koili, yaani ule waya unaotoa joto ndani, linakuwa mara nne, yaani koili ya wati 400 inalazimishwa itoe kama 1600, itawaka nyekundu muda mfupi halafu ikatike, na ikichelewa kukatika bomba na kofia vinaanza kuyeyuka na wewe umeivaa. Iache ikae kwanza, namna ya kuitumia nitaeleza chini.

Sasa historia. Hapana, hizo sio za kwanza, hizo ni za miaka ya 1950 na zilishika sana miaka ya 1960. Na habari ya mashine ya vumbi ni kweli kabisa. Ila ili uone kwa nini mtu na akili zake alielekeza nywele kwenye mashine ya vumbi, lazima tuangalie kwanza kazi yenyewe ilivyo nzito.

Unywele unakunywa maji. Ukilowa vizuri unabeba ndani yake maji karibu theluthi moja ya uzito wake, na hayo taulo haliyafikii, taulo linachukua ya juu tu. Yaliyobaki lazima yageuke mvuke, na kila gramu moja ya maji inataka joule (kipimo cha nishati, wati moja ni joule moja kwa sekunde) kama 2400 ndio iondoke. Tuseme nywele za kiunoni baada ya taulo zimebaki na gramu 100 za maji, hapo unahitaji joule 240,000. Draya ya wati 100, hata kama joto lake lote lingeingia kwenye maji bila kupotea hata kidogo, itachukua sekunde 2400, dakika 40 nzima, na kwa kuwa joto jingi linapotelea hewani basi hesabu saa moja na zaidi. Ya wati 1800 za siku hizi kwa hesabu hiyo hiyo ni dakika mbili na kidogo. Hiyo namba ya wati 100 ishike, tutakutana nayo.

Lakini joto peke yake halitoshi, na hapa ndipo wavumbuzi wa mwanzo wengi walipokwama. Maji yakishageuka mvuke yanabaki yamezunguka unywele palepale, ile hewa ikishajaa unyevu haipokei tena, sharti iondolewe ije nyingine. Ndio maana nguo kivulini penye upepo inaishinda nguo iliyo juani mahali pasipo hewa. Na ukipasha hewa inazidi kuwa na kiu: hewa ya Mombasa ya nyuzi 30 yenye unyevu asilimia 80, ukiipasha ifike nyuzi 60 unyevu wake unashuka mpaka kama asilimia 17, maji ni yale yale ila sasa ina nafasi kubwa ya kubeba mengine. Kwa hiyo unataka vitu viwili kwa pamoja, joto na upepo, na historia yote ya draya ni watu kupata kimoja wakakosa kingine.

Kabla ya umeme, Ulaya mwenye nywele ndefu alikaa karibu na moto au juani, akawa anazichambua na kuzipiga brashi mpaka zikauke. Malkia Elisabeth wa Austria, yule wanayemuita Sisi, nywele zake zilifika karibu na visigino, na siku ya kuosha, ambayo ilikuwa kama kila wiki tatu, kwa kiini cha yai na konyaki, ilikuwa siku nzima imekwenda, hapokei mgeni, anavaa joho la hariri lisilopitisha maji na kutembea huku na huku chumbani mpaka zikauke. Watu wanaichukulia hiyo kama mbwembwe za ikulu lakini kwa jicho la fundi yule mama alikuwa anafanya kitu sahihi kabisa, hana feni basi anapita yeye kwenye hewa. Huku kwetu pwani, na Oman, na India pia, kuna desturi ya kufukiza nywele zikiwa bado na unyevu, udi au ubani juu ya makaa. Lengo kubwa ni harufu, lakini ule ujoto wa makaa unapanda wenyewe na kupita katikati ya nywele, kwa hiyo kidogo unakausha vilevile.

Mashine ya kwanza inayotajwa sana ni ya msusi Mfaransa, Alexandre Godefroy, mwishoni mwa miaka ya 1880. Ilikuwa kofia kubwa iliyounganishwa na bomba la jiko la gesi, mteja anakaa chini yake, joto linapanda kutoka jikoni linaingia kwenye kofia. Feni haina. Hewa inasukumwa na joto lake tu, kwa hiyo inatembea polepole sana. Na hiyo ilikuwa ya saluni, nyumbani huiweki.

Nyumbani jibu lilikuja kwa mlango wa pembeni. James Murray Spangler wa Ohio alipata hataza, yaani haki rasmi ya uvumbuzi, ya mashine ya umeme ya kufyonza vumbi mwaka 1908, kampuni ya Hoover ikaichukua, na baada ya muda mfupi nyumba zenye uwezo Marekani na Ulaya zikawa na kitu ambacho hakikuwepo kabla, yaani feni yenye nguvu inayobebeka. Upande mmoja inavuta, upande wa pili lazima itoe, na hewa hiyo mara nyingi imepita kwenye mota kuipoza kwa hiyo inatoka vuguvugu. Mashine kadhaa zilikuwa na tundu la kuchomeka bomba upande wa kutolea, hivyo mama anahamisha bomba kutoka kwenye kuvuta analiweka kwenye kupuliza, anajielekezea kichwani, na matangazo ya biashara ya wakati ule yaliwafundisha hivyo waziwazi. Angalia basi, hakuna aliyefyonza nywele zake, walipuliza. Tatizo lilikuwa mfuko, ule wa kitambaa unashika taka kubwa tu na vumbi laini linapenya, kwa hiyo kama mfuko haujakung'utwa unajirudishia zulia kichwani. Mimi naiheshimu sana hii njia kwa sababu ndiyo iliyowaonyesha watu wa kawaida kwamba upepo mwingi wenye joto dogo unaushinda moto mwingi usio na upepo.

Draya za mkononi nazo zilikuwa zinakuja. Ujerumani zilianza kuuzwa mwanzoni mwa karne ya 20, na Marekani Gabriel Kazanjian, Muarmenia, anatajwa kwa hataza ya mwaka 1911. Kilichofungua mlango ni vitu viwili, na hapa nakaa kidogo maana ndio kazi yangu. Kwanza waya wa nikromu, mchanganyiko wa nikeli na kromu, hataza ya Albert Marsh ya mwaka 1906, waya unaowaka mwekundu kwenye hewa siku baada ya siku bila kuliwa na kutu, waya wa chuma wa kawaida hauwezi hiyo. Mpaka leo ukifungua draya yoyote kinachong'aa mle ndani ni jamaa wa ule ule. Pili ni mota ndogo ya kasi yenye kaboni (vipande viwili vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka), inayokubali umeme wa aina zote mbili, wa AC na wa DC, ambayo ilienea Marekani miaka ya 1910.

Lakini nguvu bado. Draya za mkononi zilizouzwa Marekani miaka ya 1920 zilikuwa kama wati 100, ile namba niliyokwambia uishike, na maganda yake ni chuma, zinki au alumini, nzito, huwezi kuinyanyua saa nzima juu ya kichwa bila mkono kufa ganzi. Nyumba nyingi zilivutiwa umeme kwa ajili ya taa tu, ukutani hakuna soketi, kwa hiyo ile plagi ilikuwa na skrubu kama kitako cha balbu, unafungua balbu unaifunga draya pale, na waya unaning'inia kutoka darini mpaka mkononi mwako wenye maji. Ganda la chuma, waya wa atha, ule wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, hakuna. Ziliunguza watu na kuwapiga shoti. Wanawake wengi walioanza kukata nywele fupi miaka ile walikuwa na sababu zao nyingi, ila ukiniuliza mimi kuokoa saa nzima ya kukausha haikuwa sababu ndogo.

Ndipo tunafika kwenye hiyo ya shangazi. Waliotengeneza draya ya kofia hawakushinda kwa wati nyingi, hiyo yako 400 ni ya kawaida kwa aina yake. Walikubali kwamba itachukua muda, wakaondoa uzito mkononi. Mota na koili vinakaa mezani, bomba linaleta upepo, na ukiishika kofia vizuri utaona ni matabaka mawili ya plastiki, la ndani lina matundu madogo mengi, hewa inajaa katikati halafu inashuka kichwa kizima kwa usawa. Unaweka rola, unavaa, unasoma gazeti au unamenya viazi. Kwa nywele ndefu za rola hiyo bado ni njia nzuri, joto lake ni la wastani na haliunguzi ncha.

Sasa kuitumia. Kabla ya kitu chochote fungua kisanduku kikiwa hakijachomekwa, uangalie kilichozunguka koili. Ukiona vipande vinavyong'aa kama kioo vinavyobanduka matabaka, hiyo ni maika, haina shida. Ukiona karatasi nene nyeupe au kijivu yenye nyuzinyuzi, simama hapo hapo, usiikwangue wala usiipulize, inaweza kuwa asbesto, madini ambayo vumbi lake ukilivuta linaharibu mapafu. Mwaka 1979 Marekani ilibidi draya nyingi ziondolewe sokoni kwa sababu hiyo, na kifaa kinachopuliza hewa usoni ni mahali pabaya kuliko pote pa kuweka asbesto. Ikiwa hivyo ifunge, iwe pambo.

Ikiwa safi, nunua transfoma ya kushusha umeme, ile nzito yenye chuma ndani, ya wati 750 hivi kwenda juu. Vile vidude vyepesi vya wasafiri usivitumie, vinakatakata umeme na mota haipendi. Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hawakwambii: transfoma inabadilisha volti, haibadilishi hazi (ile Hz, yaani mizunguko ya umeme kwa sekunde). Yako inataka 60, sisi tuna 50. Kama mota haina kaboni, na za kofia nyingi hazina, itazunguka polepole kama sehemu moja ya sita, upepo unapungua huku koili inatoa joto lile lile, na mota yenyewe inapata moto zaidi. Kwa hiyo tafuta transfoma yenye njia ya kutolea volti 100, usitumie ya 120. Kwa 100 mota inatulia na koili inashuka kama wati 280, utakaa chini ya kofia muda mrefu kidogo lakini kifaa hakitaungua.

Waya ukiwa umepasuka raba badilisha wote, usizungushe tepu. Mara ya kwanza iwashe dakika 20 ikiwa mezani, kofia haina kichwa, wewe upo hapo unaiangalia. Na usiitumie bafuni kabisa. Siku ukisikia harufu ya plastiki au mlio wa mota umebadilika, zima ukutani kwanza ndio uvue kofia.