Umuhimu wa picha kabla ya kufunga stoma

Ndugu, umeuliza kwa nini daktari anataka upigwe picha ya eksirei kabla ya kufunga stoma yako (tundu lililofunguliwa tumboni ili kinyesi kitokee hapo), ilhali kidonda kimepona na huna maumivu yoyote. Kupona kwa nje hakutuelezi hali ya ndani. Stoma ya muda mara nyingi huwekwa ili kinyesi kisipite kwenye mshono mpya wa utumbo, hasa ule ulio chini karibu na njia ya haja kubwa. Kwa hiyo, kabla ya kukirudisha huko, ni vyema ijulikane kwamba mshono hauvuji wala haujasinyaa na kubana njia. Uvujaji mdogo unaweza kuwapo bila homa, kwa kuwa kinyesi hakipiti pale. Kwa kawaida dawa inayoonekana kwenye eksirei huingizwa taratibu kwa mpira mwembamba kupitia njia ya haja kubwa (haipendezi, lakini huchukua muda mfupi), nayo huwa ya aina inayoyeyuka katika maji, kwani bariamu, dawa nyingine ya eksirei isiyoyeyuka katika maji, ikivujia tumboni huleta madhara makubwa.

Hata hivyo, madaktari hawakubaliani wote: wapo wanaoridhika na uchunguzi wa kidole na wa kamera kwa mgonjwa asiye na dalili wala historia ya mshono kuvuja, na kwa maoni yangu hoja yao ina uzito. Iwapo upasuaji wako wa kwanza ulitokana na saratani, huenda kipimo cha CT (eksirei ya kompyuta inayoonyesha ndani ya mwili kwa undani) kikaongezwa ili kuhakikisha kwamba ugonjwa haujarudi.