Nyangumi, papa potwe na pomboo: majibu kwa wasomaji wa mwambao

Nimezaliwa Malindi na sijawahi kumwona nyangumi hata siku moja. Je, ni lazima nikodi boti?

Si lazima. Nyangumi wa nundu hushiba uduvi katika bahari baridi ya Antaktika, kisha husafiri maelfu ya kilomita kuja kuzaa na kupandana katika maji yetu yenye joto. Huonekana zaidi kuanzia Julai hadi Septemba, yaani wakati wa kusi, na hapo ndipo penye ugumu, kwa kuwa bahari huwa imechafuka na povu limetapakaa kila upande. Nenda asubuhi mapema kabla upepo haujapanda, ukae mahali palipoinuka, na kwa kuwa pwani yetu inaelekea mashariki, vaa kofia pana na utazame kando ya mng'ao wa jua, si ndani yake.

Usitafute mwili, tafuta pumzi. Povu la wimbi hukimbia pamoja na wimbi, lakini pumzi ya nyangumi husimama wima kama kichaka cheupe, kirefu kumpita mtu, ikabaki hewani kwa muda mfupi kabla ya upepo kuisambaza. Atapumua mara kadhaa, atakunja mgongo, atainua mkia na kuzama, na pengine hutamwona tena kwa dakika kumi au zaidi. Watu wengi huondoka wakati huo, na ndiyo maana hurudi nyumbani wakisema hawakuona kitu.

Nahodha wetu alimfukuza nyangumi mwenye mtoto mpaka tukamkaribia kabisa, na abiria walishangilia. Je, alikosea?

Alikosea, tena sana. Mama huyo akiwa huku kwetu hali karibu chochote: anaishi kwa mafuta aliyojiwekea kusini, na kwa mafuta hayo hayo anamnyonyesha mtoto aliyezaliwa akiwa na urefu wa mita nne hivi. Kila anapolazimika kukimbia mashine anapoteza akiba ambayo ingekuwa maziwa, naye bado ana safari ndefu ya kurudi. Isitoshe, mtoto hawezi kukaa chini ya maji kwa muda mrefu kama mama yake, kwa hiyo akisukwasukwa hukosa hata nafasi ya kupumua vizuri.

Nahodha mwema hupunguza mwendo akiwa bado mbali, hukaribia kwa ubavuni, wala haji kwa mbele au kwa nyuma, na husimama umbali usiopungua mita 100, na zaidi ya hapo akiona mtoto. Kamwe hapiti kati ya mama na mwanawe. Nyangumi wenyewe wakisogea, huiacha boti ielee tu mpaka wapite. Nawasihi abiria wayazungumze haya ufukweni, kabla ya nanga kung'olewa, kwa sababu mara nyingi ahadi ya bakshishi ndiyo inayomsukuma nahodha kuongeza mwendo.

Shikamoo mwalimu. Papa potwe wa Mafia ni nyangumi au ni samaki?

Marahaba, mwanangu. Ni samaki, tena mkubwa kuliko samaki wote, na Wakenya wengine humwita papa shilingi kwa sababu ya madoa yake. Mtazame mkia: wa kwake umesimama na hupiga kushoto na kulia, ilhali wa nyangumi umelala na hupiga juu na chini. Huonekana karibu na Kilindoni, hasa kuanzia Oktoba hadi Machi, akifuata uduvi.

Tunakwenda Kizimkazi. Je, ni vibaya kuogelea na pomboo?

Siwezi kuwaambia msiende, kwa maana pomboo wa huko zamani walivuliwa wawe chambo cha papa, na wageni ndio waliowapa wavuvi sababu ya kuwaacha hai. Ninachopinga ni boti nyingi kulizunguka kundi moja na watu kuruka baharini mbele yake. Mkiwaona wamekaribiana, wanakwenda polepole na kuibuka kwa utaratibu, wamepumzika: watazameni kutoka botini. Wakigeuza njia kila mnapowakaribia, wamekwisha kuwajibu.

Nifanye nini nikimkuta pomboo hai amekwama ufukweni?

Mpigie mara moja ofisa wa uvuvi, askari wa hifadhi ya bahari au kamati ya ufuko wa kijiji chenu. Wakati mnasubiri, mwekeeni kivuli, mfunikeni kwa kanga zilizoloweshwa, na mummwagie maji bila kuyaingiza katika tundu la pumzi lililo juu ya kichwa. Msimvute kwa mkia wala kwa mapezi. Fukueni mchanga chini ya mapezi ili yasikandamizwe, na waondoeni mbwa pamoja na watu wanaotaka kupiga naye picha, kwa maana kelele zao humtia hofu zaidi.